Sukari ya leo, macho ya miaka ishirini ijayo

Mazungumzo haya yalitangazwa redioni mwishoni mwa juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.

Wasikilizaji wapenzi, tangu nilipozungumzia ugonjwa wa kisukari majuma mawili yaliyopita maswali yamekuwa yakimiminika. Mengi yanahusu kisukari cha watu wazima, kile kinachoambatana na umri na unene, na hayo nitayarudia siku nyingine. Leo nimechagua swali moja tu. Mama mmoja anasema mwanawe ana umri wa miaka 11 na huu ni mwaka wa tatu anaishi kwa sindano za insulini. Mtoto anakwenda shule, anacheza mpira, hana kidonda wala homa. Lakini amechoka. Anaficha vidole asichomwe, anakataa sindano ya mchana, na nyumba imegeuka uwanja wa ugomvi. Mama anauliza: nikiiachia sukari yake ikae juu kidogo, mradi haanguki wala halazwi hospitali, kuna ubaya gani?

Ni swali la haki kabisa. Mimi si daktari. Nina stashahada yangu ya uandishi wa habari na kazi yangu ni kusoma na kuwauliza wanaojua. Ila naweza kumwambia mama huyu kwamba swali lake liliwagawa madaktari wakubwa wa dunia kwa karibu miaka 70, na kwamba jibu lilipopatikana halikutoka kwenye hekima ya mtu mmoja, bali kwenye miili ya watu 1,441 waliokubali kufanyiwa majaribio.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na kula sukari, na jirani anayemsuta mama kwamba alimpa mtoto soda nyingi anasema asilolijua. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini sukari haiingii katika misuli. Inabaki ndani ya damu, inamwagika kwenye mkojo, na mwili unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe mpaka damu inajaa asidi. Kabla ya mwaka 1922 mtoto wa namna hiyo alikufa, na tiba pekee iliyokuwapo ilikuwa kumnyima chakula ili asogeze siku.

Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto nchini Canada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa dawa iliyotengenezwa kutokana na kongosho za wanyama. Sindano ya kwanza haikufanya vizuri, kwa kuwa dawa ilikuwa chafu. Ilisafishwa upya, akachomwa tena tarehe 23, na sukari ikashuka. Mwaka uliofuata Frederick Banting na John Macleod walipewa tuzo ya Nobel, na dunia ikaamini kwamba kisukari kimekwisha.

Hakikuwa kimekwisha. Kilikuwa kimebadilisha mwendo. Watoto waliookolewa miaka ya 1920 walikua, wakaoa na kuolewa, kisha miaka 15 au 20 baadaye wakaanza kurudi kwa madaktari wakiwa na mambo ambayo hakuna aliyeyatazamia, kwa sababu hapo kabla hakuna mgonjwa aliyepata kuishi muda wa kutosha kuyaugua. Macho yalivuja damu kwa ndani. Figo zilishindwa kazi. Miguu ilikufa ganzi, ikaota vidonda visivyouma wala visivyopona, na mingine ikaishia kukatwa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Huko Boston nchini Marekani alikuwako daktari Elliott Joslin, mtu mkali kama mwalimu mkuu wa zamani, aliyeshikilia kwamba madhara hayo yanatokana na sukari kuachwa juu na kwamba mgonjwa anapaswa kujipima na kujibana maisha yake yote. Wengine, akiwemo Edward Tolstoi wa New York, walimwona anawatesa watu bure. Walisema macho na figo vinaharibika kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, sukari iwe juu au chini. Basi mwache mgonjwa ale, mpe insulini ya kumtosha asizimie, na umwache aishi. Kila upande ulikuwa na wagonjwa wake wa kuonyesha mfano.

Baadaye mjini Brussels, Jean Pirart aliwafuatilia wagonjwa wapatao 4,400 kati ya mwaka 1947 na 1973, akaona kwamba wale ambao sukari yao ilikuwa mbaya ndio walioharibika zaidi. Wapinzani hawakuridhika, na kwa kweli walikuwa na hoja. Walisema huenda wenye sukari nzuri walikuwa na ugonjwa mwepesi tangu mwanzo. Mtu mwenye ugonjwa mwepesi sukari yake ni nzuri na macho yake ni mazima, lakini hilo halithibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine.

Njia ya kukata mzizi wa fitina ilikuwa moja tu: kuwachukua wagonjwa wanaofanana, kuwagawa kwa kura, nusu watibiwe kwa ukali na nusu kwa kawaida, kisha kusubiri. Tatizo ni kwamba zamani hapakuwa na vifaa. Ukimpima mtu mkojo huwezi kujua sukari yake ya saa hiyo. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni mashine ndogo ya kupima tone la damu nyumbani, iliyoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970. La pili linatokana na ugunduzi wa Samuel Rahbar, aliyekuwa akifanya kazi Tehran, Iran, mwaka 1968. Aliona kwamba damu ya wagonjwa wa kisukari ina aina fulani ya hemoglobini kwa wingi kuliko kawaida. Ikaja kufahamika kwamba sukari iliyomo katika damu hujibandika kwenye hemoglobini, na ikishajibandika haitoki mpaka chembe nyekundu ife, baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hiyo ukipima hemoglobini iliyobandikwa sukari unasoma habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Kipimo hiki, kiitwacho A1C, hakidanganyiki kwa mtu kufunga kula jana yake usiku. Mtu asiye na kisukari huwa chini ya asilimia 6 hivi.

Mwaka 1983 ndipo ulipoanza utafiti wa DCCT, ukigharamiwa na serikali ya Marekani, katika vituo 29 vya Marekani na Canada. Waliojitolea walikuwa na umri kati ya miaka 13 na 39. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida ya wakati ule, sindano moja au mbili kwa siku. Kundi la pili lilichomwa sindano tatu au zaidi, au lilivaa pampu ya insulini, lilijipima damu mara nne kwa siku, lilionana na wataalamu kila mwezi na kupigiwa simu katikati ya mwezi. Ebu fikiria kijana wa miaka 15 akiishi hivyo kwa sababu tu kura imemwangukia! Na bado, utafiti ulipokwisha, asilimia 99 ya waliojiunga walikuwa hawajajitoa.

Kundi lililotibiwa kwa ukali lilifikia wastani wa A1C wa asilimia 7 hivi. Kundi la kawaida lilikaa kwenye asilimia 9. Na sasa naomba mama aliyeuliza asogee karibu na redio, kwa sababu yaliyotokea ndiyo hasa anayoyaona nyumbani kwake. Kwa wale walioanza na macho mazima, kwa muda wa miaka mitatu hivi hapakuwa na tofauti yoyote kati ya makundi mawili. Wenye asilimia 9 na wenye asilimia 7, wote macho sawasawa. Zaidi ya hapo, miongoni mwa walioanza wakiwa tayari na dalili kidogo machoni, baadhi ya waliobana sukari waliharibika zaidi mwanzoni. Mtu angesimamisha utafiti wakati ule angetangaza kwamba ubanaji ni kazi bure, na Tolstoi angeshinda.

Baada ya miaka mitatu mistari miwili ikaachana, na kadiri miaka ilivyokwenda pengo likazidi kupanuka. Mwaka 1993 wasimamizi waliona tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba si haki kuendelea kuwaacha wenzao katika kundi la kawaida, wakaufunga utafiti mwaka mmoja kabla ya muda wake. Matokeo yalitangazwa mwezi Juni na kuchapishwa Septemba 1993. Ubanaji wa sukari ulipunguza uwezekano wa madhara ya macho kuanza kwa asilimia 76 kwa waliokuwa hawana, na uliyapunguza kasi kwa asilimia 54 kwa waliokuwa nayo. Protini kuvuja kwa wingi kwenye mkojo, ambayo ni alama ya figo kuharibika, ilipungua kwa asilimia 54, na madhara ya mishipa ya fahamu yalipungua kwa asilimia 60.

Kwa nini macho, figo na miguu, na si ngozi ya mgongo? Chembe nyingi za mwili zina namna ya kuzuia sukari isiingie kupita kiasi. Lakini zile zilizotandikwa ndani ya mishipa midogo ya damu ya jicho na ya figo, na zile za mishipa ya fahamu, hazina mlango huo wa kufunga. Damu ikiwa tamu, nazo zinajaa utamu. Ndani ya chembe sukari ile inazaa takataka zenye sumu zinazokula kuta za mishipa polepole.

Kwenye jicho mishipa hiyo inapita katika utando wa nyuma unaopokea picha. Mshipa uliochoka huvimba, huvuja au huziba. Sehemu iliyokosa damu inaomba msaada, na mwili unaotesha mishipa mipya, ambayo ni dhaifu kama utando wa buibui na hupasuka. Mambo yote hayo yanaweza kufika mbali sana mtu akiwa anasoma gazeti bila taabu, kwa maana hakuna maumivu. Figo nayo ni chujio. Kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Vikianza kutoboka protini inapenya, kwanza kidogo sana kiasi kwamba ni maabara tu inayoiona. Mishipa ya fahamu inaumia kuanzia iliyo mirefu kuliko yote, na ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni mwa miguu na kupanda kama mtu anayevaa soksi.

Nilikuwa na mwenzangu tuliyelala naye bweni moja shule ya sekondari. Chupa yake ya insulini aliiweka ndani ya mtungi wa maji, maana friji haikuwepo, na asubuhi alijichoma kabla ya uji. Alikuwa kiungo hodari, na hatukuwahi kumwona mgonjwa. Mashine ya kupimia damu hakuwa nayo; sukari yake aliikisia kwa kiu na kwa namna alivyojisikia. Leo ana miaka arobaini na ushee kama mimi, jicho moja halioni, na mara tatu kwa wiki anasafishwa damu kwa mashine. Simlaumu yeye wala wazazi wake. Walimweka hai kwa insulini iliyopatikana, na kwa zama zile hilo peke yake lilikuwa kazi ya kishujaa.

Utafiti wa DCCT haukuleta habari njema tupu. Waliobana sukari waliangushwa na sukari kushuka mara tatu zaidi ya wenzao: kwa kila watu 100 waliofuatiliwa mwaka mmoja, yalihesabiwa matukio 62 ya kushuka kwa namna ya kuhitaji msaada wa mtu mwingine, dhidi ya 19 katika kundi la kawaida. Wengine walizimia au kupata degedege. Wengi waliongezeka uzito. Ndiyo kusema mzazi anayeogopa sukari ya mwanawe isishuke usiku haogopi kivuli. Akili za washiriki zilipopimwa baada ya miaka 18 hivi, haikuonekana kwamba kuzimia kule kumewapunguzia uwezo wa kufikiri kwa kiasi kikubwa, lakini hakuna daktari mwenye busara anayekwambia ushushe sukari ya mtoto bila kumpima.

Sehemu inayonishangaza kuliko zote ilianza baada ya utafiti kwisha. Mwaka 1994 watafiti waliwaomba washiriki waendelee kufuatiliwa, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali. Safari hii hakuna makundi tena. Waliokuwa wa kawaida walifundishwa kubana sukari. Waliokuwa wakibanwa, bila wale wauguzi wa kuwapigia simu, walilegea. Baada ya miaka michache wote walikutana kwenye A1C ya asilimia 8 hivi. Ungetegemea madhara nayo yafanane. Hayakufanana! Waliobanwa katika ile miaka sita na nusu ya wastani waliendelea kuwa na macho na figo bora mwaka hadi mwaka, ijapokuwa sukari yao ya sasa ilikuwa sawa na ya wenzao. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba matatizo ya moyo na mishipa ya damu kwao yalikuwa yamepungua kwa asilimia 42. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba hata vifo vilikuwa vichache zaidi.

Wataalamu wanasema mwili una kumbukumbu. Mishipa inaweka daftari la deni, na deni la miaka ya mwanzo linadaiwa miaka ishirini baadaye hata kama siku hizi unalipa taslimu. Hilo ndilo jibu la swali la mama. Ubaya wa sukari ya mwaka huu hauonekani mwaka huu. Mtoto kucheza mpira hakutuambii chochote juu ya vichujio vyake vya figo.

Ila na mimi nina langu la kusema kuhusu hesabu hizi. Zilipatikana mahali ambapo insulini, stripu za kupimia na muuguzi wa kupiga simu vyote vililipiwa. Dar es Salaam ilikuwa na utafiti wake. Daktari Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari cha aina zote kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Miongoni mwa waliotegemea insulini, kilichoua zaidi ni asidi kujaa katika damu, na maambukizi. Tafsiri yake ni kwamba wengi hawakufika hata kwenye jicho na figo. Walikufa kifo kile kile alichoepushwa Leonard Thompson mwaka 1922. Hali imesogea tangu hapo. Mpango ulioanza mwaka 2009 wa kuwapatia watoto insulini na vifaa bila malipo umefika Tanzania, Uganda na Kenya, na mama yeyote mwenye mtoto wa namna hii aulize kliniki ya watoto kama wake ameandikishwa. Lakini stripu bado zinakwisha kabla ya mwezi, na kumwambia mtu apime mara nne kwa siku wakati ana za kupimia mara moja ni kumkejeli.

Kwa mtu huyo utafiti unabaki na faida kwa namna nyingine. Ulionyesha kwamba hakuna kizingiti cha kusema chini yake umeokoka na juu yake umepotea. Kutoka asilimia 11 kushuka hadi 9 kunaokoa mengi, pengine kuliko kutoka 8 hadi 7. Mtoto huyu wa miaka 11 si lazima afikie 7 mwezi ujao. Madaktari wengi watafurahi akishuka kidogo kila anapopimwa, bila kuzimia, na wanaweza kupanga na mama ni saa zipi za kupima zenye manufaa zaidi. Sindano ya mchana ajadiliane nao kabla ya kuiacha.

Na kuna mambo yasiyohitaji stripu. Kipimo cha protini kwenye mkojo kinaonyesha figo mapema. Mwaka huo huo wa 1993 utafiti mwingine, wa wagonjwa 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zilikuwa zimekwisha kuathirika, ulionyesha kwamba dawa ya presha iitwayo captopril ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, kuhitaji mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo. Macho yaliyooteshwa mishipa mibovu yanaweza kutibiwa kwa mwanga wa leza, jambo lililothibitishwa tangu miaka ya 1970, mradi mgonjwa afike kabla jicho halijajaa damu. Ushauri wa kawaida ni kupimwa macho kila mwaka baada ya miaka mitatu hadi mitano ya ugonjwa. Mwaka 2017 watafiti wale wale wa DCCT walipiga hesabu upya wakaona kwamba mtu mwenye macho mazima na sukari nzuri anaweza kusubiri hata miaka minne, na mwenye macho yaliyokwisha haribika sana aonekane kila baada ya miezi michache. Kwa nchi yenye madaktari wachache wa macho hesabu hiyo ni ya kutazamwa, maana foleni ingewapisha wanaohitaji zaidi. Miguu anaitazama mwenyewe kila usiku, kwa taa na kioo, na viatu anavikung'uta kabla ya kuvivaa.

Washiriki wa DCCT wangali wanapimwa. Aliyejiunga mwaka 1983 akiwa na miaka 13 sasa amevuka 50. Swali jipya linalowashughulisha watafiti ni ubongo katika uzee. Matokeo ya mwaka 2021, baada ya miaka 32, yalionyesha kwamba kupungua kwa uwezo wa kufikiri kunahusiana na mambo matatu: sukari ya juu kwa miaka mingi, kuzimia mara nyingi kwa sukari ya chini, na shinikizo la damu. Kwa hiyo hofu ya kuzimia, ambayo miaka 18 ya kwanza haikuipa uzito, imerudi mezani.

Juma lijalo, saa ile ile, nitazungumzia bei ya insulini, kutoka kwa mtengenezaji hadi kwenye duka la dawa la mtaani kwako.